Bi Mwanatumu na Meza ya Dirishani

Asubuhi ile ya mwisho alinipa chai na mahamri, yeye akala lake amesimama kando ya jiko. Nikamwambia, "Keti, Mwanatumu." Akasema, "Naja." Kabla ya adhuhuri alianguka pale pale. Alasiri tukamzika. Bendera mpya ilikuwa bado haijapandishwa.

Mke wangu alikuwa mpishi wa Bwana Renzo, Mtaliani wa hapa Likoni. Huyo aliletwa Kenya mateka wa vita. Vita vikaisha, akasahau kwenda kwao, akafungua mkahawa. Jumapili Wazungu walikuja kula saa nne, chakula ambacho si cha asubuhi wala si cha mchana. Sisi tukichelewa kuamka tunaitwa wavivu. Wao walitandikiwa vitambaa.

Mlangoni palikuwa na kibao: Wazungu peke yao. Mwaka wa uhuru, miezi kabla ya bendera, kikang'olewa. Rangi ya mlango chini yake ilikuwa bado mpya, basi watu waliendelea kukisoma.

Mwanatumu alitaka jambo moja. Akae meza ya dirishani, inayotazama feri, aletewe chakula.

"Mara moja tu," akaniambia. "Nijue wanaona nini."

Jumapili moja ya mwaka huo, angali hai, alipika tangu alfajiri. Kisha akavua aproni, akavaa buibui, akatoka mlango wa nyuma, akazunguka, akaingia wa mbele. Mimi nyuma yake na kanzu ya Idi. Bwana Renzo alimtazama kama mtu aliyeona jiko lake linaingia likitembea. Lakini mambo yalikuwa mapya, naye hakuwa na hakika nayo. Akatuacha tukae dirishani.

Fondo, mtumishi wa mezani, akatuletea tambi. Kwetu tambi ni za sukari na iliki. Zile zilikuwa na nyanya. Nilizila.

Ndipo akaingia Stambuli, kijana wa mtaa wa Shika Adabu, diwani mpya, ndani ya suti ya sufu na jua lile. Alipotaka kura alikuja kwetu akatumalizia mahamri. Sasa hakutujua. Akamnong'oneza Fondo.

Fondo akaja kwetu. "Bi Mwanatumu, uniwie radhi. Diwani anaitaka meza hii."

"Nala, Fondo."

"Asema yeye ni mgeni wa heshima."

"Basi na aje."

Akaisukuma sahani katikati, akamgeukia Stambuli. "Karibu, mwanangu. Nawa tule."

Stambuli alikuwa mtoto wa watu, amelelewa. Mdomo ukajibu kabla ya suti: "Ahsante, mama. Starehe."

Chumba kizima kilisikia. Kwetu ukishamwambia mtu starehe, huwezi tena kumwinua. Diwani akaenda kukaa karibu na mlango wa jiko, penye moshi, akapigana na uma.

Tulimaliza. Nikavaa kofia yangu. Fondo akauliza kama twaondoka. Mwanatumu alikuwa akiitazama feri. Akamsogezea kikombe.

"Niongeze chai, Fondo. Sijashiba kukaa."