Saa Moja Niliyoiongeza Mimi

Haya nayasema kwa aibu, na aibu yenyewe haijapoa ingawa miaka imepita. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ofisi ya mizigo ya ndege hapa Deira, huku Uarabuni, na kwa kuwa nilijua ndege gani inatua wapi saa ngapi, Waswahili wenzangu waliniita Profesa (nami, mjinga, nikalipenda jina hilo).

Mume wa Bi Zuwena, jirani yangu Mzanzibari pale Al Baraha, alikwenda London kutibiwa, akafia huko. Mtoto wao wa pekee, Nassor, alikuwa Amsterdam, akapanda ndege awahi kumtia babake kaburini. Sisi tumejaa sebuleni kwa Bi Zuwena na misahafu, mara shemeji yake akapiga simu kutoka London: makaburini hawasubiri zaidi ya saa nane na nusu, je, wamngoje Nassor au wazike? Nassor mwenyewe yuko angani, simu imezimwa.

Bi Zuwena akanipa simu yake yenye tiketi. "Hebu nisomee, mwanangu. Anafika saa ngapi?"

Tiketi ilisema anaondoka saa sita na dakika arobaini, anatua saa saba kamili. Ningesoma hivyo hivyo, khalas, ningekaa kimya. Lakini watu wananitazama, nikakohoa, nikasema dakika ishirini haziwezekani, baina ya miji ile ni kilomita kama mia tatu na sabini, ndege huchukua saa moja na dakika ishirini, kwa hiyo tiketi imekosewa, atatua saa nane, na kutoka uwanjani mpaka makaburini hawahi. Kilomita nilizipatia, na muda wa safari pia. Nilichosahau (mimi, ninayeshinda na saa za nchi za watu ukutani) ni kwamba saa ya London iko nyuma ya Amsterdam kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya mji unaotua.

Bi Zuwena akafunga macho. "Basi wamzike. Maiti hacheleweshwi."

Simu ya Nassor iliingia tukiwa tunanywa kahawa, nayo ilikuwa kwenye spika.

"Mama, nimetua saa saba. Nimefika wanasawazisha udongo. Nani kawaambia sitawahi?"

Sebule nzima ikanigeukia. Nilijua napaswa kusema ni mimi. Nakiri niliogopa.

Bi Zuwena hakunitazama. "Ni mimi, mwanangu," akasema. "Nilikosea hesabu. Nisamehe."

Nikaweka kikombe chini, nikatoka bila kuaga.

Siku hizi mtu akinionyesha tiketi namsomea kilichoandikwa, siongezi neno, na jina la Profesa nimewakataza. Bi Zuwena hajawahi kunigusia jambo lile, kila Idi ananiletea sahani ya halua. Namba ya Nassor ninayo, na mpaka leo anadhani ni mamake aliyekosea hesabu.