Mwimbaji wa Mstari wa Nyuma

Chumba nilimokuwa nikichapia watu barua pale Kyela mjini kilikuwa cha mzee mmoja muuza vitambaa, ambaye wazazi wake walitoka Lindi zamani. Ilikuwa miaka ile mipaka ilipolegezwa na bidhaa zikaanza kumiminika, na kila aliyekwenda Dar es Salaam alirudi na kitu ambacho hatujawahi kukiona. Yule mzee alirudi na kompyuta, na pamoja nayo kadi ndogo ya kijani. Alisema kadi hiyo ikichomekwa ndani ya kompyuta na kuungwa na waya wa antena, kompyuta inakuwa televisheni. Tena inarekodi.

"Binti yangu, wewe umesomea mambo haya Mbeya," aliniambia. "Nirekodie mpira na mawaidha. Nikitoka msikitini nione kilichonipita."

Nikawa nafanya hivyo. Picha ilikuwa ndogo kama bahasha, na diski ilijaa upesi hata nikawa nafuta mechi ya juzi ili ya leo ipate nafasi. Umeme wa Kyela ulikuwa unapanda na kushuka, kwa hiyo stabilaiza ililia tikitiki mchana kutwa chini ya meza. Siku nyingi nilirekodi chenga tupu. Lakini kulikuwa na alasiri za joto ambapo upepo unakufa kabisa, ukungu mweupe unalala juu ya ziwa, na migomba inasimama bila kutikisa jani. Alasiri hizo antena yetu ilikamata vituo vya ng'ambo, upande wa Malawi. Picha ilitokea ghafla, safi, watu wakizungumza, kisha ikaondoka katikati ya neno. Mzee hakuzipenda. Alisema kitu kinachokuja bila kuitwa si cha kukifungulia mlango. Mimi nilizirekodi kwa sababu zilinipendeza.

Kaka yangu alikuwa amepotea ziwani mwaka mmoja kabla ya hapo. Alikuwa akinunua vyungu kwa Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, na kuvileta kwa mtumbwi kwenye soko la Lyulilo, karibu na Matema, ambako aliishi na mkewe. Siku moja upepo wa mwera uliamka asubuhi akiwa njiani. Mtumbwi ulikutwa umepinduka. Vyungu vitatu vilikutwa vikielea wima, vikavu ndani, kana kwamba kuna mtu aliyevitua majini kwa mikono miwili. Yeye hakuonekana. Tulikaa matanga bila kaburi, na mama yangu hakuwahi kulitamka neno "marehemu". Alisema tu, "Kaka yako, huko aliko."

Alasiri moja ya ukungu nilirekodi kwaya ya kanisa fulani la Karonga, jina lake likiwa limeandikwa chini ya picha. Waimbaji walisimama nje, safu tatu, wanawake mbele na wanaume nyuma. Nilikuwa nachapa barua ya mtu huku nikiwasikiliza, kwa sababu lugha yao ni ndugu wa Kinyakyusa chetu na maneno mengi niliyaelewa. Nilipoinua macho nilimwona kaka yangu.

Alikuwa wa mwisho kulia, mstari wa nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, vile alivyofanya tangu utotoni kwa sababu sikio moja lilikuwa zito. Mdomo wake ulifuata wimbo. Wenzake wote walivaa mashati meupe, yeye la kijivu lenye mfuko wa rangi nyingine. Kisha chenga zikammeza, yeye na kwaya nzima.

Nilirudisha nyuma na kutazama tena. Nikaenda kumwita mzee dukani. Alitazama amesimama, akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa.

"Nilimuuzia vitenge vya harusi yake," alisema polepole. "Mwite mama yako. Si jambo la kukaa nalo peke yako."

Mama alikuja akiwa bado na matope ya mpunga miguuni. Sikumwambia lolote, nilimwekea tu rekodi. Alivuta kigoda hadi uso wake ukakaribia kugusa kioo. Picha ilipofika pale, hakupiga kelele wala hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayempokea mgeni asubuhi:

"Ugonile, mwanangu."

Tulimtumia wifi yangu ujumbe, naye akaja kutoka Lyulilo siku ya pili. Alitazama akiwa amejifunika khanga hadi mdomoni. Rekodi ilipokwisha aliishusha khanga.

"Lile shati liko kwangu," alisema. "Mfuko ulichanika, nikaushona upya kwa kipande cha gauni langu. Hakulivaa siku ile. Liko sandukuni, nimelikunja mwenyewe."

"Mashati yanafanana," nilisema.

"Mashati, ndiyo. Gauni langu lilikuwa moja."

Nilichapa picha yake kwenye karatasi, ingawa ilitoka nyeusi na yenye mikwaruzo, na mimi na wifi tukavuka daraja la Songwe kwenda Karonga. Mama tulimwacha. Alikuwa ameanza kufua blanketi na kutandika kitanda cha kaka, na tuliogopa kumwona njiani akiwa na matumaini yale.

Kanisa halikuwa gumu kupatikana. Kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye sauti ya upole, alitukaribisha chini ya paa la veranda akatuletea ndizi za kuchemsha. Wifi alimpa ile karatasi. Aliitazama, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu namkumbuka," alisema. "Tulidhani amekuja na wale wa televisheni."

"Na wa televisheni?" nikauliza.

"Wao walidhani ni wetu. Mmoja wao aliniuliza baadaye kwa nini mwenzetu hakuvaa sare. Tukatazamana tu."

Wifi aliuliza, "Aliimba kweli, au alifungua mdomo tu?"

"Aliimba, mama. Besi nzuri. Kilichonishangaza ni kwamba wimbo ule tulikuwa tumeutunga wiki hiyohiyo. Hakuna aliyeujua nje ya kwaya."

"Alizungumza?"

Yule mama alifikiri. "Nilimpa maji, kwa kuwa alionekana ametoka mbali. Alipokea kwa mikono miwili akashukuru. Hakuyanywa. Alikishika tu kile kikombe, akikitazama ndani, mpaka nikaona haya kwa niaba yake nikageuka. Nilipogeuka tena kikombe kilikuwa juu ya ukuta, kimejaa."

"Alikwenda wapi?"

"Hatukumwona akiondoka."

Tuliwauliza wanaume wa mstari wa nyuma. Aliyesimama karibu naye alikuwa kijana fundi baiskeli. Alisema hakumtazama sana kwa sababu alikuwa akiogopa kukosea mbele ya kamera. Alikumbuka jambo moja: siku ilikuwa ya joto kali, wote wakitoka jasho, lakini upande ule wa bega lake, upande alikosimama mgeni, alihisi ubaridi kama wa mtu anayesimama karibu na mlango wa chumba cha barafu cha samaki.

Tulipokuwa tunarudi, wifi aliishika ile karatasi mapajani hadi tukavuka mto. Kisha alisema, "Mume wangu hakujua kuimba. Kanisani alikuwa akinikanyaga mguu ili nimwambie ubeti gani." Alianza kucheka, na kicheko kile kikageuka kilio, nami nikamshika mpaka Kyela.

Tulimweleza mama kila kitu. Alisikiliza, akaendelea kutandika kitanda. Kwa majuma kadhaa alikuja chumbani kwangu kila alasiri, akakaa kwenye kigoda na kuomba nimwekee. Alimwamkia, akamweleza habari za mpunga, nani amezaa, nani amehamia Ipyana. Wateja walianza kunikwepa. Na rekodi yenyewe ilianza kuharibika. Kila nilipoicheza vipande vilikatika, nyuso zikawa miraba ya rangi, mpaka ikafika siku kwaya yote ilikuwa miraba, isipokuwa mtu mmoja wa mwisho kulia. Yeye alibaki safi kuliko siku ya kwanza. Mzee alikuja akachungulia, akasoma dua kimoyomoyo, akatoka bila kunitazama.

Siku ile wifi alikuwepo. Alipiga magoti karibu na kigoda cha mama.

"Mama," alimwambia, "akiwa hai, anajua njia ya nyumbani. Akiwa si hai, sisi ndio tunamchosha. Kila siku tunamsimamisha aimbe."

Mama alikaa akiuangalia ule uso. Mwishowe alinigeukia.

"Mfungulie aende."

Niliichagua rekodi nikaiambia mashine ifute. Maandishi ya Kiingereza yakatokea.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

"Inauliza kama tuna uhakika."

"Hatuna," alisema. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Haikuchukua muda wowote. Mama alinyanyuka, akabana kigoda kwapani, akasema, "Ndaga," na sikujua anamshukuru nani.

Jumamosi iliyofuata alipika wali na samaki wengi, akaalika majirani na watu wa kanisani. Alipoulizwa ni sherehe gani, alijibu kwamba ni arobaini ya mwanawe marehemu, imechelewa kidogo, wamsamehe. Watu walikula. Wifi aligawa sahani, na wazee wakaanza kusimulia mambo ya kaka ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi alivyomwibia mwalimu embe, jinsi alivyoogopa jongoo. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga.