Chupa Tatu Zilizobaki

Mwanaima wa Kibuyuni alipofiwa na mumewe, Boga, alikuwa amebakisha chupa tatu. Figo zake zilikuwa zimechoka kwa presha ya miaka mingi, na figo zikichoka damu nayo hupungua. Vidonge vya chuma vilimchafua tumbo bure. Ndipo daktari wa Msambweni akaagiza chuma cha mshipani: chupa tano, moja kila Jumatatu, dawa nyeusi kama kahawa tungu ikidondoka mkononi taratibu. Mbili za kwanza zilimpa nafuu. Akaweza kwenda tena kwenye mwani wake bila kuketi njiani.

Kisha Boga akafa. Mwanaima akavaa nyeupe, akaingia eda ya miezi minne na siku kumi.

Jumatatu ilipofika, bintiye Ummi akamvisha buibui. Hasina, dadake marehemu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Waenda wapi, wifi? Udongo wa kaka yangu haujakauka, nawe wataka kumpa mkono tabibu mwanamume?"

"Ni dawa, shangazi," Ummi akasema.

"Dawa haina miguu ikakimbia. Itamngoja."

Mwanaima akalivua buibui. Hakulivua kwa kumwogopa wifi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa na Boga, na sasa lililobaki la kumfanyia ni eda tu. Alitaka aitimize isiwe na doa.

Wiki zikapita. Ikawa kutia udhu kwammaliza pumzi. Akaswali ameketi, kisha amelala. Viganja vikawa vyeupe kama nguo yake. Siku moja Hasina akimwogesha, akaona miguu imevimba, kidole chazama kama kwenye unga uliokandwa. Akaenda mbio mwenyewe kumwita Ustadh Swabir.

Ustadh akasema naye nyuma ya pazia.

"Bi Mwanaima, mwenye eda hutoka mchana kwa dharura, usiku akalala kwake. Ni nani aliyekukataza dawa?"

Hasina akainamisha kichwa.

"Nilijikataza mwenyewe," Mwanaima akajibu.

"Lahaula! Tangu siku ya kwanza ilijuzu. Mngeniuliza tu."

Hospitalini daktari akamfunua kope, akasoma cheti. Kipimo cha damu kilichokuwa tisa sasa kilikuwa nne.

"Chuma peke yake hakiwahi tena, mama. Utaongezewa damu, na moyo nao umechoka. Utalazwa."

"Nirudishe kabla ya magharibi, mwanangu. Niko edani."

"Hutafika, mama."

Zile chupa tatu, kila moja ingemrudisha nyumbani kabla ya adhuhuri. Sasa alilala nje ya nyumba ya Boga, jambo lile lile alilolikimbia.

"Mungu auona udhuru wako," Hasina akalia. "Wangu mimi sijui. Mimi ndimi niliyesimama mlangoni."

Mwanaima alitaka kumwambia anyamaze, yamekwisha, lakini pumzi haikutosha maneno. Akamshika kidole tu.

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, Hasina akamgeuza uso upande wa kibla, ili aswali kwa ishara ya macho.