Kodi ya Sita

Kwenye bendi yetu ya harusi kila mtu alimwita mpiga gitaa wetu Shemeji, hata mimi nisiye na undugu naye. Kiongozi wetu ndiye aliyeanza, maana yule alikuwa mjane wa mdogo wake, na sisi tukafuata mkumbo. Mimi ni mpiga dramu. Nimekaa nyuma yake miaka tisa, kwa hiyo mgongo wake naujua kuliko uso.

Gitaa alilopiga lilikuwa la marehemu. Baada ya mazishi kiongozi alimkabidhi akamwambia, "Piga, shemeji, lakini ujue hiki ni kitu cha familia." Yeye na binti yake waliishi chumba cha uani kwa mama mkwe, na gitaa likakaa sebuleni kwenye msumari kando ya dirisha, mahali ambapo mama mkwe angeweza kuliona kila aamkapo.

Alijua kodi tatu tu. Kodi, kwetu wanamuziki, ni nyuzi kadhaa zinazobanwa na kupigwa kwa pamoja, lakini mpiga besi hakuacha utani wake: "Shemeji hatafukuzwa nyumba hii, kodi tatu analipa kila Jumamosi!"

Siku nyingine za wiki alikuwa dobi. Alipiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima, mvuke ukamlainisha ncha za vidole, sugu zikabanduka, na ikifika Jumamosi nyuzi zikamkata upya.

Siku moja mwalimu wa kwaya alileta majoho kunyooshwa. Akamwona anakunja vidole juu ya kaunta.

"Unapiga nini hapo, dada?"

"Gitaa, mwalimu. Ridhimu tu."

"Hakuna ridhimu tu. Unajua unapiga namba ngapi?"

Hakujua. Mwalimu aligeuza risiti, akaandika moja mpaka saba, namba moja kwa kila sauti kuanzia do mpaka ti, akazungushia duara moja, nne na tano. "Hizi ndizo kodi zako. Sasa nyingine umemwachia nani?"

Shemeji alinisimulia haya tukisubiri maharusi wakate keki. "Shem," akaniambia, maana na yeye alinilipiza kwa jina hilohilo, "miaka yote nimekaa sebuleni, kumbe nyumba ina vyumba vingine."

Kila majoho yalipokuja, risiti moja iligeuzwa. Akakilazimisha kidole kidogo, kile kivivu, kupanda na kushuka shingo ya gitaa polepole, mara hamsini, kabla ya kazi. Mama mkwe akalalamika kwamba wimbo huo hauna maneno. Mwalimu akamfundisha pia kwamba jua la dirishani lilikuwa limeipinda shingo, ndiyo maana nyuzi zilikaa juu na kumuumiza. Shemeji alilihamishia ukuta wa pili, akakaza skrubu inayonyoosha shingo robo mzunguko, akasubiri siku nzima, akakaza robo nyingine. Akafuta jasho kwenye nyuzi kila baada ya kupiga. Gitaa likaanza kuimba kama siku za marehemu, na hapo ndipo alipojichimbia shimo, kwa sababu kiongozi alilisikia.

"Wewe sasa huendi popote," alimwambia akicheka. Sisi sote tulicheka.

Mwezi huohuo mwalimu alimwambia okestra ya kwaya yao inatafuta mpiga gitaa. Mazoezi Jumamosi. Kila mtu na chombo chake. Shemeji alimwomba kiongozi mbele yetu, nafikiri ili tumsaidie.

"Kaka, naomba niende na gitaa. Jumamosi mbili tu kwa mwezi."

"Nenda, shemeji. Nimekufunga kamba? Ila gitaa la mdogo wangu halitoki. Na mama utamwambia nini? Unakaa kwake, binti yako anasoma akiwa kwake."

Shemeji akageuka akatutazama. Mpiga besi alikuwa anakunja waya. Mimi nilikaza parafujo ya dramu ambayo haikuwa imelegea. Mpaka leo naikumbuka parafujo ile.

Jumamosi iliyofuata, katikati ya wimbo wa kuingiza maharusi, Shemeji alifanya jambo. Badala ya kutoka kodi ya kwanza kwenda ya nne, alipitia ya sita, ile yenye huzuni. Nilikosa pigo moja. Ukumbini shangazi wa bibi harusi alifumba macho akacheza taratibu kama anakumbuka mtu. Watu wakashangilia. Kiongozi aligeuka, jicho kali.

Wiki iliyofuata, mazoezini, alitangaza: "Nimeboresha wimbo wa maharusi. Shemeji, pale utapita kwenye ile kodi. Palepale, kila mara. Usiongeze kitu."

Shemeji alifuta jasho kwenye nyuzi. "Sawa, kaka."

Mwalimu aliporudi kuchukua majoho alimweleza kwamba nafasi imepata mtu. "Ana gitaa la fahari," alisema, "lakini namba hajui hata moja." Shemeji akamkatia risiti, safari hii mwalimu hakuigeuza.

Jumamosi gari la bendi lilikuja kama kawaida. Alipanda nyuma, akajibana kati ya spika mbili, gitaa kifuani. Kiongozi akachungulia.

"Ile kodi ya sita usiisahau."

"Siisahau, kaka."

Mlango ule wa nyuma hufunguliwa na aliye nje tu. Kiongozi akausukuma, nami nikapanda mbele.