Viti vya Safiyo na Basari ya Naliaka

Truphosa Nekoye alinunua kuku kijijini Kabazi kwa wakulima wasiojua bei ya mjini, akawauza Nakuru kwa watu wasiojua bei ya Kabazi. Hapo katikati ndipo palipotoka kodi ya chumba chake cha Bondeni, unga, na karo ya binti yake Naliaka tangu mumewe, mtia makaa wa garimoshi, alipozikwa. Kusoma hakujua. Lakini mteja akisimama mbele yake, alijua kabla hajafungua mdomo kama atanunua au amekuja kupitisha muda.

Mwaka wa 1956 Naliaka akapata nafasi Makerere, chuo kikubwa cha Kampala. Katika ukoo wao hakuna aliyekuwa amefika hata nusu ya njia hiyo. Nafasi ilikuwapo, ada haikuwapo. Kamati ya basari, iliyowalipia ada watoto wa maskini, ikasema itamtuma karani aje aione nyumba, na atakalosema karani ndilo litakalofuatwa.

Usingizi ukamtoka Truphosa. Mtu wa serikali kubisha mlango Bondeni, siku zile za Hali ya Hatari, halikuwa jambo la kumpikia chai. Alibisha kukagua pasi, au kudai kodi, au kuondoka na mtu. Na huyu alikuwa anakuja kuamua mambo ya Naliaka. Basi Truphosa akafanya alichofanya kila alipoogopa: akaanza kupanga bidhaa ipendeze.

"Naenda kuazima viti," akasema.

"Mama, huyo karani anataka kuona kama sisi ni maskini kweli."

"Na wewe umeona Mhindi gani anakopesha mtu analia? Duka linakopesha mwenye koti. Hata wazee wakija kuposa msichana, ukiwakalisha chini wanakuletea ng'ombe amekonda."

"Lakini huyu haji kuoa!"

"Anakuja kupima bei. Ni kitu moja. Wewe shika ufagio."

Jirani yake Safiyo, mjane wa Kisomali, akatoa viti vinne vyenye mito ya maua. Alamin, mwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara, akatoa redio.

"Ila usiiwashe, Mama Naliaka."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Usiiwashe tu."

Karani akaja asubuhi kwa baiskeli. Jina lake Kimaiyo, kijana mwembamba mwenye tai, mpole wa sauti. Upole ule ndio uliomtisha Truphosa zaidi. Mnunuzi anayefoka humsumbua kidogo. Anayenyamaza ameshaona kasoro.

"Viti vizuri, mama. Ni vyako?"

"Vyangu."

"Na redio?"

"Yangu pia. Tunasikiliza habari."

Kimaiyo akaandika. Naliaka, aliyesimama karibu na pazia, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa hukumu.

"Basi sioni shida," karani akasema, akifunga kalamu. "Biashara iko, vyombo viko. Kuna watoto wanalala kwa majani Mau Narok, na pesa ya kamati ni kidogo. Nitasema nafasi yake ya basari wapewe wengine. Mama atalipa mwenyewe."

Maisha yake yote Truphosa alikuwa amepandisha bei ya kitu, na leo alikuwa amempandisha mtoto wake mpaka mnunuzi akaondoka. Akinyamaza, Makerere imekwenda. Akisema, yeye ni mwongo mbele ya serikali, na watu walikuwa wakipelekwa kizuizini kwa makosa madogo kuliko hilo. Alikumbuka mayai mabovu sokoni: yai ukilijua bovu, lipasue wewe mwenyewe kabla mteja hajalifikisha nyumbani.

"Bwana karani, hivi vitu si vyangu. Nimeazima."

Kimaiyo akavigeukia viti, kisha akamgeukia yeye. "Kudanganya kamati ni kosa, mama. Naweza kumfuta msichana kabisa. Unajua hilo?"

"Sasa najua."

"Basi wenyewe waje waseme."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Safiyo akaitwa, akaona tai, akaona kalamu.

"Viti? Wallahi mimi sijui viti."

Alamin akasimama mlangoni mwa hoteli yake, hataki hata kuvuka barabara. "Redio? Mimi nauza chai, bwana. Sina redio." Leseni ya redio ile ilikuwa imeisha zamani, na macho yake yalimwomba Truphosa amsamehe huku mdomo ukimzika.

"Unaona?" Kimaiyo akasema. Akashika usukani wa baiskeli.

Truphosa aliiona baiskeli ile ikigeuka, akaona moyoni na Naliaka akigeuka nayo, aje kuuza kuku kama mama yake. Akaingia ndani, akatoka na kiti kimoja, akakibwaga barabarani.

"Haya! Viti vinne vya mvule, mito juu! Shilingi moja kiti! Nani anachukua?"

Mpita njia mmoja akasimama. Wa pili akaanza kupapasa mfuko.

"Mama, mbili kwa shilingi?"

"Chukua! Beba haraka!"

"Weee Truphosa!" Safiyo akatoka mbio, shela inaburuta vumbi, akakikalia kiti kwa nguvu zote. "Una wazimu? Viti vya arusi yangu! Marehemu alivileta kutoka Nairobi! Wewe, toa mkono wako hapo!"

Watu wakacheka. Kimaiyo hakucheka, lakini alifungua kalamu tena. "Viti nafuta," akasema. "Redio hakuna aliyekuja kuikalia. Hiyo inabaki kwako, mama, siwezi kuandika nisichosikia."

Jibu la kamati lilikuja baada ya majuma kadhaa: basari robo tatu, robo moja juu ya mzazi, na nyumba itaweza kuangaliwa tena mwaka wowote, basari ikatwe wakionekana wana mali.

Alamin alikuwa ameshafuata redio yake mara mbili. Safari ya tatu Truphosa akamfungulia.

"Redio ya nani?"

"Usinitese, mama. Ni yangu."

"Serikali inasema ni yangu, na inanigharimu robo ya karo. Utanunua kuku kwangu kila wiki, unalipa mbele, mpaka Naliaka amalize."

"Unaninyonga!"

"Ungesema ndiyo moja tu, siku ile."

Alamin akakubali, akaibeba redio chini ya kanzu. Naliaka akapanda garimoshi la Kampala.

Lakini yale maneno, mwaka wowote, hayakumtoka Truphosa. Biashara ilikua, yeye hakununua hata kikombe. Akisikia kengele ya baiskeli, alisimama kwanza, ndipo akapumua. Likizo ya kwanza alimpokea binti yake stesheni, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi chini. Naliaka alivaa viatu vipya vyeusi, vya kung'aa.

"Umetoa wapi?"

"Nimefundisha watoto wa watu Kampala, Mama. Pesa yangu mwenyewe."

"Nani amekuona navyo?"

"Mama! Gari zima limeniona."

"Vua."

Naliaka akacheka, akafikiri ni mzaha. Truphosa alikuwa ameshapiga goti pale stesheni, anafungua kamba, macho yake yakiwa kwa watu.

"Vua, nakwambia. Tunapita mbele ya ofisi ya kamati."

Wakaenda Bondeni miguu mitupu wote wawili, mama mbele, viatu vimefungwa ndani ya leso yake.