Nilimnyamazisha baba na tarumbeta lake kanisani, kaseti ya mzungu ikaja kuniumbua

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hili jambo nimekaa nalo miaka mingi na leo nalitoa lilivyo. Sitaongeza chumvi, lenyewe lina chumvi ya kutosha. Mwenye haraka apite tu, uzi una urefu kidogo.

Mimi ni Mmeru, mtoto wa mlimani, usharika wa Kilutheri juu ya barabara ya Moshi. Aliyekulia huko anajua kwamba matarumbeta kwetu si burudani. Mtu akifa, matarumbeta. Alfajiri ya Pasaka, matarumbeta makaburini, hata kama mvua inanyesha na matope yamefika magotini.

Baba yangu alikuwa mpigaji. Tarumbeta lake alirithi kwa babu, na babu alipewa na wamisionari wa Kijerumani. Lilikuwa limefubaa kwa uzee, lina kibonyeo ubavuni, na mdomo wake umelika. Kahawa alikuwa anaipalilia akijisikia, ila tarumbeta alilifuta kila Jumamosi kwa majivu na kitambaa. Mama alikuwa akimtania kwamba siku nyumba ikiungua, atatoa tarumbeta kwanza halafu ndio arudi kumfuata yeye.

Basi ikaja enzi ya ruksa. Wa umri wangu mnakumbuka. Jana hakuna sabuni, leo madukani mjini kuna kila kitu cha kuwaka taa na kutoa sauti. Mimi nilikuwa fundi redio Kijenge, hukohuko mjini, kijana, mfuko umeanza kutuna na kichwa kimetuna zaidi. Nikanunua kinanda cha umeme. Nikakipeleka usharikani kwetu, nikawa mpiga kinanda wa kanisa.

Mwaka huohuo usharika rafiki wa Ulaya ukatuletea matarumbeta mapya, yanang'aa kama sufuria za harusi. Wapigaji wote wakachukua mapya. Baba akakataa. Akasema la babu halijamkosea kitu.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Zamani matarumbeta yote yalikuwa ya kizee na yalielewana yenyewe kwa yenyewe. Sasa mapya yakaelewana na kinanda changu, la baba likabaki chini kidogo. Si noti nzima. Lilikuwa linaangukia katikati, kati ya kitufe hiki na kile, na ukilisikia pamoja na kinanda meno yanakufa ganzi.

Jumapili moja, kabla ibada haijaanza, tukawa tunajaribu wimbo. Kanisa limeshajaa nusu. Baba akashusha tarumbeta, akaniambia kwa upole tu, "Mwanangu, hicho chako kiko juu. Kishushe kidogo tuelewane."

Wakuu, kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wangu na kilikuwa kinawaka. Nilikijua kinawaka, mimi ndiye niliyekifunga.

Nikajibu, "Baba, kinanda kimetoka kiwandani, hakikosei. Anayekosea ni mtu. Pumzika sasa, umezeeka na sikio lako."

Watu wakacheka. Vijana wa kwaya ndio walicheka zaidi. Nami nikacheka, ili ionekane ni utani.

Baba akatoa mate kwenye tarumbeta, akalifuta, akaliingiza kwenye mfuko wake wa kitambaa na kwenda kukaa benchi la wazee. Toka siku ile hakulipuliza tena. Si kanisani, si msibani, si Pasaka. Akalitundika juu ya jiko, kwenye moshi, karibu na mahindi ya mbegu.

Mimi nikajiambia uzee umemtuma, atasahau. Nilikuwa mpumbavu, siwezi kutumia neno lingine.

Ikapita miaka kama mitatu. Siku moja akaja dukani kwangu mzungu aliyekuwa anafundisha mambo ya misitu kule Olmotonyi. Kaleta redio kaseti yake, inakoroma. Ndani kaacha kaseti ya simfoni, zile nyimbo ndefu za Ulaya za kundi kubwa la wapigaji, hazina waimbaji.

Nikaitengeneza, nikaijaribu kwa kaseti hiyohiyo. Sauti ikawa chini kidogo. Nikadhani betri zimechoka, nikaweka mpya. Bado. Nikawasha kinanda changu, ambacho siku za kazi nilikaa nacho dukani, nipime, maana hicho ndicho kilikuwa mizani yangu ya kila kitu. Kaseti ikaangukia katikati ya vitufe.

Nikafanya kama ambavyo fundi yeyote angefanya. Nyuma ya mota kuna kitundu, ndani yake kuna skrubu ya spidi. Nikaikaza taratibu mpaka kaseti ikakubaliana na kinanda. Nikajisifu kimoyomoyo.

Kesho yake mzungu karudi, amenuna. Alikuwa na Kiswahili kizuri, cha darasani.

"Fundi, umewafanya nini watu wangu? Mbona wanakimbia?"

Nikamweleza kwamba mashine ilikuwa inachelewa, sauti iko chini, nimeiponya. Akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Akaniambia haikuwa na ugonjwa huo. Wapigaji wa kaseti ile wanatumia ala za kizamani kwa makusudi, za namna ileile iliyokuwepo nyimbo zilipotungwa, na wakati huo sauti zilikuwa chini kuliko za leo.

"Kwa hiyo hawajakosea?" nikauliza.

"Hawajakosea. Wewe unawapima kwa kipimo cha leo."

Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini sikushusha kinanda badala ya kukaza mashine yake. Nikairudisha skrubu ilipokuwa, naye akanionyesha. Kumbe kuna vitufe viwili, ukivibonyeza pamoja kinanda kizima kinashuka kidogo kidogo. Imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, kitabu ambacho mimi fundi sikuwahi kukifungua. Haikuchukua hata dakika moja, kinanda na kaseti vikakaa sawa.

Dakika moja, wakuu. Tarumbeta la baba lisingeweza kupanda zaidi. Kinanda changu kingeweza kushuka, na matarumbeta mapya yana bomba la kuvuta, yangeshuka nacho. Na mzee alishaniambia hivyohivyo, kishushe kidogo.

Nikaazima ile kaseti, nikabeba redio moja ya dukani, jioni hiyo nikapanda mlimani. Nikamkuta baba jikoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikamwekea. Akasikiliza, kichwa kimeinama. Yalipoingia matarumbeta akainua kidole. "Hawa wana ya kizee," akasema. Nikaanza kulia. Nikamwambia kila kitu, nikamwomba radhi.

Akaniacha nimalize. Halafu akaniuliza, "Yale maneno uliyasemea wapi?"

"Kanisani, baba."

"Basi kayarudishe hukohuko. Hapa jikoni hukunikosea."

Nikamwahidi. Na nilikuwa na nia, sidanganyi. Ila Jumapili ya kwanza kulikuwa na kipaimara, nikaona nisiharibie watoto siku yao. Iliyofuata kulikuwa na mgeni kutoka dayosisi. Baadaye hakukuwa na sababu tena, ilikuwa aibu tu. Nilikuwa na sifa zangu kanisani, nikashindwa kuzivua. Baba hakunikumbusha hata mara moja. Meno yake ya mbele yaling'oka moja baada ya jingine, na mpigaji bila meno ya mbele ndio basi tena.

Akafariki kabla sijasema.

Kwenye mazishi nikapewa kipaza sauti kwa niaba ya watoto. Watu walewale wamesimama pale, waliocheka. Nilichoweza kusema ni kwamba baba alikuwa mpigaji hodari. Nikakaa. Matarumbeta mapya yakapigwa, na kinanda changu kikayafuata.

Funzo nililopata ni chungu. Ukimwaibisha mtu mbele ya watu, radhi ya chumbani haimfikii. Na mzazi akikwambia kitu chako kiko juu, kishushe kwanza halafu ndio ubishe.

Karibuni mchangie, na matusi nayapokea. Ila msiniambie mzee alishanisamehe. Alinipa sharti moja, sikulitimiza.

Hata huu uzi nauandika kwa ID ambayo mke wangu haijui. Baba nilimwaibisha watu wakiniona, radhi namwomba nimejificha.