Sakitu ya Bondeni Iwawa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Makambako, Mratibu wa mradi alinikabidhi kipimajoto, kisu cha kuchimbia udongo na koti la mtu mnene kuliko mimi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Lyamkena, nyuma ya duka la mbolea. Kazi yetu ilikuwa kuhakiki kama setilaiti inasema kweli. Ardhi hutoa mawimbi hafifu ya mikrowevu, nayo hupenya hata mawingu. Udongo ulioganda huyatoa tofauti na udongo wenye maji. Wenzetu wa nchi za baridi hupimia theluji kwa njia hiyo. Sisi theluji tuitoe wapi? Tulitafuta sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayobabua viazi.

"Chombo kiko juu, wewe uko chini," Mratibu aliniambia. "Kikikosea, wewe ndiye wa kutuambia."

Mwaka wa pili nikahamishiwa Iwawa. Jamani, baridi ya Makete isikieni kwa wenzenu! Kila alfajiri nilitakiwa nishuke kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yenye unyevu. Nilishuka wiki mbili. Ya tatu nikaanza kupima nyuma ya nyumba niliyopanga, juu mlimani, huku chai ikichemka, na kwenye fomu nikaandika "bondeni". Vipimo vyangu vikawa vinapatana na ramani ya setilaiti siku zote. Mratibu akanisifu mbele ya wenzangu, nami bila haya nikazipokea sifa.

Sasa sikilizeni kosa lilipokuwa. Setilaiti huona eneo pana kwa mpigo mmoja, na pale mlima ulikuwa mwingi kuliko bonde, hivyo ramani yake, kama vipimo vyangu, ilisema habari za mlimani tu. Hewa ya baridi nayo huteremka kama maji. Kila usiku ilikuwa ikijikusanya huko chini, mimi niko juu nakunywa chai.

Jirani yangu Mama Tumaini alikuwa na kinyungu cha viazi vya mbegu, tegemeo la nyumba yake kwa msimu uliofuata. Jioni moja alikuja kuniuliza kama avifunike kwa nyasi. Nikamwambia alale tu, ardhi iko salama.

Asubuhi majani yote yalikuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Hakunigombeza.

"Mwanangu," aliniuliza, "hicho kipimajoto chako kilikuwa wapi?"

Nilimwambia ukweli. Aibu niliyoisikia siku ile sijapata kuisikia tena. Kisha nikamwandikia Mratibu, nikijua nitafukuzwa. Alivifuta vipimo vyangu vyote, akanijibu kwa mstari mmoja: "Kesho shuka."

Nilishuka miaka yote iliyobaki, mpaka nilipostaafu na kurudi nyumbani kwangu, kwenye kata iitwayo Ramadhani. Vyeti ninavyo, vimo sandukuni. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kwamba Mama Tumaini alifunika viazi misimu miwili bila kuniuliza neno. Msimu wa tatu, asubuhi moja, alisimama mlangoni kwangu. Kabla hajauliza lolote aliinama, akaviangalia viatu vyangu.

Vilikuwa na tope.

"Haya," alisema, "niambie. Leo nifunike?"